Duka Lililobaki Edani

Hebu mwone Scholastica akiteremka kwenye basi dogo pale Mbamba Bay, saa nne asubuhi. Sweta la baridi ya Mbinga bado liko mwilini, jasho linamtiririka, na kompyuta ameikumbatia kama mtoto aliyelala. Wapakiaji wanamtania: "Dada, huku ni ziwani, vua hilo blanketi!" Yeye hata hawasikii. Anawaza atakayoambiwa na Bi Safina.

Kwao Scholastica ni Litumbandyosi, lakini kazi yake iko Mbinga mjini, kwenye kachumba nyuma ya duka la madaftari. Anatengeneza tovuti: za vikundi vya kahawa, za nyumba za wageni, za yeyote atakayebisha hodi. Hakusomea. Alijifunza kwa kuharibu na kutengeneza tena. Siku hiyo, lakini, alikuwa ameitwa kwenda kuua tovuti. Bi Safina, muuza usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, alimwambia kwenye simu: "Njoo ulizime hilo duka la mtandaoni, Schola. Watu wameshanisahau."

Na lilikuwa duka la maana, jamani. Usipa wake mkavu, usio na chembe ya mchanga, ulifika Songea, Njombe mpaka Makambako. Mumewe, Abdulmajid, alipofariki, Bi Safina akaingia eda, miezi minne na siku kumi, na hakutaka kuuza kitu. Scholastica ndiye aliyempachikia kwenye tovuti plagini, yaani kijiprogramu cha nyongeza, ya kuweka tangazo: "Duka limefungwa. Mwenye duka yuko eda." Eda ilipokwisha akamwelekeza kwa simu: "Bonyeza Ondoa, mama. Basi, imekwisha hiyo." Bi Safina akabonyeza. Akajaza ghala, akangoja. Miezi miwili, hata oda moja haikuingia.

"Shikamoo, mama," Scholastica alisalimia alipofika kwa Bi Safina.

"Marahaba. Vua sweta kwanza, usije ukanifia hapa. Misiba imenitosha."

Bi Safina akafungua kompyuta yake. Picha za usipa zikatokea, duka wazi kabisa. "Umeona? Mlango wazi, hawaji. Kumbe walikuwa wateja wa Abdulmajid, si wangu."

Scholastica alitoa simu yake mwenyewe, akafungua tovuti ileile, akampa. Bi Safina akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. *Duka limefungwa. Mwenye duka yuko eda.*

"Mbona kwangu liko wazi?"

"Wewe unaingia kwa nywila yako. Mwenye duka hafungiwi mlango."

"Na watu wote hao, hata mmoja hakuniuliza?"

"Mama, nani atampigia simu mjane aliye edani amuulize habari za usipa?"

Bi Safina akakaa chini taratibu.

"Kosa ni langu," Scholastica akasema. Akamweleza. Ukiondoa plagini, mara nyingi unaondoa kijiprogramu tu. Maneno iliyokwisha kuandika kwenye hifadhidata, lile daftari la ndani la tovuti, yanabaki. Plagini inayoendesha duka ilitengenezwa na watu walewale walioitengeneza ile ya tangazo. Kila mteja alipofika, ilichungulia daftari, ikaukuta mstari wa zamani unaosema *fungwa*, ikatii.

"Basi futa takataka zote!"

"Taratibu, mama. Kwanza nakala." Akaihifadhi hifadhidata nzima kwenye flashi. "Nilishafuta bila nakala siku moja, picha zote za kikundi cha kahawa zikaenda. Wiki nzima nilikuwa napita njia ya nyuma nisikutane na mwenyekiti."

Akaanza kupekua mabaki, jedwali moja baada ya jingine, yote yenye jina la plagini iliyoondolewa. La nne lilikuwa na mistari arobaini na mmoja. Akakunja uso. Kumbe chini ya lile tangazo kulikuwa na kisanduku cha ujumbe. Yeye mwenyewe alikisahau, na Bi Safina hakuwahi kukiona. Akasoma kwa sauti:

"'Pole sana, Bi Safina. Ukitoka tutachukua magunia matatu kama kawaida. Hilda, Njombe.'"

"Endelea."

"'Tumesikia habari za Abdulmajid. Usiharakishe. Hatununui kwa mwingine. Wilfred, Makambako.'"

"Hatununui kwa mwingine!" Bi Safina akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Nusu mwaka huu Wilfred anakula nini, mawe?"

Jumbe zote arobaini na moja Scholastica akazihamishia pembeni, kwenye faili la mwenye duka. Kisha akafuta ule mstari mmoja tu, akaondoa na kurasa za zamani zilizohifadhiwa, akafungua upya kwenye simu yake. Usipa! Picha, bei, kitufe cha kuagiza. Mabega yake yalishuka, na sasa ndipo alipokumbuka kuvua sweta.

Bi Safina alikuwa ameshapiga simu, sauti imejaa ua mzima. "Alo, Hilda! Nimetoka zamani, mwanangu! ... Eeh, duka liko wazi, lilikuwa limebaki lenyewe edani!"

Habari ya kuzima tovuti haikutajwa tena. Scholastica alirudi Mbinga jioni na mfuko wa usipa mapajani.

Ila mimi huwa nawaza. Simu moja tu ingeyamaliza yote tangu wiki ya kwanza. Wewe msomaji, ungekuwa Wilfred wa Makambako, ungeipiga?