Ruhusa ya Kutoka

Darasani kwa baba yangu, hata kuomba kwenda chooni uliomba kwa Kiingereza, tena kilichonyooka. Ukikitamka kwa lafudhi ya nyumbani, unakaa. Miaka thelathini na minne alifundisha hivyo, na mimi bintiye ndiye niliyekaa kuliko wote. Siku moja nilikaa mpaka nikajikojolea.

Sasa kazi yangu ni kukusanya lafudhi hizo hizo. Ofisi yetu inarekodi watu wa kila aina wakisoma na kuongea Kiingereza, ili mashine zijifunze kutuelewa na sisi. Alibaki mtu mmoja tu, mwanamume aliyepita miaka sabini. Asipopatikana kufikia saa kumi jioni siku hiyo, mradi unahamia kwingine, nami naambiwa kwaheri. Maji yalinifika shingoni, nikamleta baba.

Chumba cha kurekodia ni kabati la nguo lililozungushiwa magodoro kwa ndani, na taa nyekundu juu ya mlango. Ikiwaka, ni marufuku kufungua. Baba akasoma kama mtangazaji wa redio. Tukafuta.

"Baba, tunataka sauti yako."

"Hii ndiyo yangu."

Mara sita, yale yale. Sikio la kufa halisikii dawa. Mwisho akamkataza hata fundi wetu wa sauti asimsikilize akisoma, eti anamvuruga. Fundi akavua hedifoni.

Nikamfungia, taa ikawaka. Dakika ishirini tulikunywa chai, tukichekeana kwamba mzee leo kakolea. Kumbe amemaliza zamani, kitasa kimekwama, anapiga magodoro ngumi na hakuna asikiaye.

Tulipomtoa, shati limelowa chapachapa. Mashine ilikuwa imerekodi muda wote. Akanyoosha mkono kuomba hedifoni, tukasikiliza pamoja.

Aliomba kufunguliwa kwa Kiingereza, maana kazini hajui kuomba kwa lugha nyingine. Mwanzo alikuwa mtangazaji yule yule. Halafu pumzi zikamwishia, na kikatoka Kiingereza cha kwetu, chenye sauti ya bibi yangu mzaa baba kabisa: tafadhali, mwalimu, naomba kutoka. Mwalimu! Alirudia na kurudia, kama mtoto.

Zilibaki dakika kumi kabla ya saa kumi. Bila sahihi yake kwenye karatasi ya ridhaa, sikuwa na haki ya kuitumia sauti hiyo. Sikuthubutu kumwomba.

Baba akavua hedifoni. "Siku ile," akasema bila kunitazama, "uliniomba hivi hivi. Nilikuelewa tangu mara ya kwanza."

Akavuta karatasi, akasaini.