Upande wa Kizungu

Karatasi zile zilikuwa za bure, na walioleta walilisema hilo mara nyingi kuliko walivyosema jambo lingine lolote. Nilikuwa darasa la sita, miaka ya themanini, gari jeupe liliposimama karibu na msikiti wa mtaa wetu wa Shika Adabu, likashusha maboksi. Kulikuwa na karatasi za kilimo, za kupanda mahindi kwa mistari na kuhifadhi dawa za wadudu, wakapewa watu ambao shamba lao lilikuwa uani penye mipapai miwili. Kulikuwa na za usalama, za jiko la mafuta ya taa. Na za afya. Kila karatasi ilikuwa na lugha mbili: upande mmoja Kiingereza, kwa rangi na picha, upande wa pili Kiswahili, wino mweusi uliopauka, bila picha hata moja. Nadhani rangi iliwaishia walipofika kwetu.

Wiki haikuisha nyingi zikawa zinafungia karanga na viazi karai. Mama alihifadhi moja, kubwa, ya afya. Alitaka kuibandika ukumbini, ukutani mkabala na mlango, mgeni akiingia aione.

Ukibandika karatasi ukutani, upande mmoja huzikwa. Mama alitaka Kiswahili kiwe nje. Alikuwa na mwaka wa pili akienda darasa la ngumbaru, yeye na wanawake wenzake, alasiri baada ya kuosha vyombo, na alikuwa ameanza kusoma, kidole chini ya neno, midomo ikitembea. Karatasi ile alikuwa ameipata ya kusoma mwenyewe, nyumbani kwake.

Mimi nikakataa. Wiki ile ile nilikuwa nimevishwa kibao shingoni shuleni, kibao cha anayekamatwa akisema Kiswahili, nikazunguka nacho siku mbili nikichekwa. Ati Kiswahili, lugha iliyozaliwa kwetu, imekuwa kosa kwetu! Lakini sikukasirikia shule. Nilikasirikia Kiswahili.

"Mama, huo upande hauna hata picha," nikamwambia. "Watu watatucheka."

Baba akaniunga mkono, kwa kuwa rangi ilimpendeza. Mama akapika uji mzito wa unga wa ngano, akaupaka upande wa Kiswahili vizuri, pembe hadi pembe, asiache hata kiputo cha hewa.

Nyanya, mamake baba, akaketi kwenye mkeka akataka kusikia Kizungu changu. Nikasoma, ulimi ukibingirika. Alifurahi mno. "Mashallah, mjukuu wangu! Wallahi kama mzungu."

"Basi pasemaje hapo, mwanangu?" mama akauliza.

Sikujua. Niliweza kuyatamka maneno yale yote, na manne au matano tu ndiyo niliyoyaelewa. Nikatazama picha: birika jikoni, kikombe, kijiko, mama na mtoto wakicheka. "Wasema watu wachemshe maji ya kunywa," nikasema.

"Na kijiko je?"

"Cha kukorogea chai."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, nilijitolea kuuficha ujinga wangu. Mama akaamini. Tangu siku hiyo akawa anachemsha maji kila asubuhi, anayatia kwenye jagi na kulifunika kawa.

Ndugu yangu mdogo alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta alipoanza kuharisha. Kwetu mtoto akiharisha alinyimwa maji. Haukuwa ukatili, ndivyo walivyolelewa wote. "Ukimpa maji wamwongezea," nyanya alisema. "Tumbo lataka kupumzishwa." Alisema kwa mapenzi, na alikuwa ameshazika watoto wake wawili kwa mapenzi hayo hayo. Siku ya kwanza mtoto alililia jagi. Lilikuwa palepale juu ya meza, maji safi yaliyochemshwa, na mama akaliondoa akalipeleka chumbani asilione.

Siku ya pili kilio chake kilikuwa hakina machozi. Majirani walikuwa wamekuja, wamejaa ukumbini. Mama akatoka chumbani na mtoto begani, akasimama mbele ya karatasi, akapitisha kidole chini ya maneno ya Kizungu. Akanigeukia.

"Nisomee tena, mwanangu. Hapana neno la mtoto hapa? Mbona pana picha ya mtoto?"

Neno la mtoto lilikuwapo. Hilo nililijua, lilikuwa miongoni mwa yale manne au matano. Ningeweza kusema, mama, sielewi, nipeleke kwa mwalimu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Lakini watu walikuwa wanatazama, na nyanya alikuwa ameshawahadithia Kizungu changu.

"Ni maji ya kuchemsha tu, mama."

Akarudi chumbani.

Asubuhi ya tatu baba alimbeba mtoto hadi zahanati, mama na mimi nyuma. Muuguzi alimfinya ngozi ya tumbo, akaiachilia, ikabaki imekunjana. "Mmekawia," akasema. Alihangaika naye, hilo sitamnyima. Kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa amefunikwa leso ya mama.

Baba akaenda kutafuta gari la kumrudisha. Tukabaki kwenye benchi. Ukutani mbele yetu palikuwa na karatasi ile ile, upande wa Kiswahili nje, kwa sababu huyo muuguzi alikuwa na akili kuliko sisi. Mama akaiona. Akainuka na mtoto wake mikononi, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuweka kidole, akasoma kwa kuusogeza uso.

"Mtoto. Anayeharisha. Usimnyime. Maji."

Kisha akaendelea hadi mwisho, chumvi, sukari, kijiko kwa kijiko. Hakuruka neno. Ndiyo ilikuwa karatasi ya kwanza aliyoisoma yote peke yake, na mwalimu wake wa ngumbaru angemsifu.

Matangani wanawake walinong'ona kwamba mtoto amebemendwa, maana yake wazazi hawakustahimili, wamelala pamoja kabla ya wakati na kumdhuru. Lawama ya mama, kama kawaida. Mama aliwasikia. Aliinama akaendelea kugawa kahawa. Nami nilikuwa pale, nikijua, nikamwachia aibu isiyokuwa yake. Leo mimi ni mtu mzima nina wajukuu, na bado jambo hilo likinijia nafunga mlango.

Mama hakunigombeza kamwe. Hakumwambia baba, hakumwambia nyanya. Niliendelea na shule, nikafika mbali, miaka ya tisini nikawa karani bandarini, Kiingereza nakimudu kuliko mabosi wangu. Barua zikija nyumbani za Kiswahili mama alizisoma mwenyewe. Ikija ya Kizungu, nami nimeketi pale pale barazani, alijitanda leso, akavuka barabara, akampelekea mtoto wa jirani amsomee.