Baba Alipokuwa na Mafua

Gari lile lilimgharimu baba ng'ombe wanne na mashine ya mama ya kusagia karanga. Nimehesabu mara mbili.

Juzi hapa Gurei nilikuwa nikipatana bei ya gari la otomatiki. Fundi niliyekwenda naye akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, akanusa, akaninusisha na mimi. "Giaboksi imeungua, dada. Achana nalo."

Harufu ile niliijua. Utotoni, mchana mmoja kule Gudele, baba akikagua gari lile kabla ya kulinunua, alininyooshea kijiti kama hicho. "Nusa, mama. Pua yangu leo imefunga duka."

Ilinuka kama karanga zilizosahaulika motoni. Lakini mwenye gari alikuwa amesimama pale pale, nami nilishakanywa nisiseme chakula cha watu kimeungua wenyewe wakisikia. Nilidhani baba ananipima adabu.

"Inanukia vizuri, baba."

"Umesikia?" mwenye gari akacheka. "Mtoto hadanganyi."

Wiki ya tatu gari likakubali kurudi nyuma tu, mbele likakataa kabisa. Baba alijilaumu mwenyewe, na mpaka leo hajiamini kununua kitu. Hata akitaka kununua kuku, huniita mimi nimchagulie.

Sasa amezeeka. Nyinyi mlio na wazazi, nishaurini: nimwambie?