Mama wa Machungwa na Filimbi ya Bendera

Wajukuu wamenisumbua niandike kisa hiki, kana kwamba sufuria zangu zinajiosha zenyewe. Haya.

Nilikuwa kwenye ofisi ya vibali, njia ya kwenda mpakani, nangoja zamu ya nazi zangu. Mbele yangu mama wa Muheza, lori lake la machungwa liko nje, mzigo umeanza kutoa maji. Karani akamwambia muda umekwisha, kibali ni cha siku moja, kesho akaanze upya mjini.

"Siku moja!" Mama akamnyooshea kidole. "Aliyetunga sheria hii hajapata kulima hata bamia."

"Kama nchi huipendi, mama, hamia ng'ambo," karani akamjibu. "Si hapo tu?"

"Nihame mimi? Sikiliza, kijana, sheria hii..."

Filimbi ikalia. Bendera inashushwa. Mama akanyamaza katikati ya maneno, akasimama wima, kidole bado hewani, machozi ya hasira yanamteremka asiyapanguse. Nami na magoti yangu mabovu nikajikuta nimesimama. Karani yeye anaendelea kufunga droo, anatafuta funguo.

Bendera ilipokunjwa, mama akaendelea palepale: "...ni mbovu, na nitasema mpaka ibadilishwe!"

Wallahi, mwili ulinisisimka. Marehemu mume wangu nilimpenda hivyohivyo, huku namgombeza, ila mimi hata filimbi isingeninyamazisha.

Askari aliyeshusha bendera alikuwa amemwona karani dirishani, hakusimama. Akaingia, bendera mikononi. "Fungua hiyo droo."

Karani akagonga muhuri kwenye kibali cha machungwa, kisha akapelekwa uani, akasimama wima peke yake mbele ya mlingoti mtupu mpaka lori lilipotokomea.