Firimbi Mbili za Yadi ya Malaba

Mimi shule sikuingia, lakini masikio ninayo. Miaka ya sabini nilikuwa nauza uji kwa yadi ya mabehewa hapo Malaba, na sauti ya mtu yeyote pale ningekutolea mpaka mwenyewe aitike. Walikuwa wananiita redio.

Mzee wangu, baba watoto wangu, alikuwa nyapara wa wapakiaji. Zamani kazi ilikuwa fujo, kila mtu anajichagulia behewa. Halafu akaletwa karani mmoja kutoka bandari ya Mombasa, na mpango wa huko. Karani anaandika kazi kwa karatasi, nyapara anagawia magengi: nyinyi saruji, nyinyi kahawa. Firimbi moja ndefu, ingieni ndani ya behewa. Mbili fupi, tokeni mbio, injini inakuja kusukuma. "Kule kwetu Kilindini," karani alikuwa anasema, maneno anayavuta kama mtu anakunja shuka, "mpango huu haujaua hata kuku, bwana."

Huku kwetu uliua mtu. Saa nne asubuhi mzee wangu alipiga mbili, hata mimi nikaacha kuchota uji. Magengi mengine yakatoka. Mengine yakabaki ndani yanabeba magunia kama hakuna kitu. Injini ikagonga, mbao ya kuvukia kwa lori ikateleza, na mpakiaji mmoja, Mteso wa kabila, mrefu, mpole, alikuwa hapo katikati. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemtania kwamba miguu yake imeanzia Uganda. Vile nilimwona baadaye sitasema.

Mkubwa wa yadi akaja mbio, anaongea na pua. "Nyapara! Hukupiga firimbi. Kama ulipiga, mbona hawakutoka? Wewe ni wa polisi."

"Boss, nilipiga."

"Utaambia polisi."

Karani akasema tujaribu. Injini ikazimwa, firimbi ikapigwa mbili. Magengi yalikuwa sita. Matatu yakaruka nje, matatu yakakaa. Ikapigwa tena, ni yale yale. Wakabadilisha firimbi, ni yale yale. "Enyi watu wa bara, mmeziba masikio?" karani akauliza. Hawakuziba. Mmoja alikuwa amesimama kwa mlango wa behewa anatuangalia tu.

Nikabeba ndoo yangu nikaenda kwao. "Wewe, umesikia?"

"Nimesikia, mama. Lakini hiyo pirimbi mbili ni ya askari wa geti, si yetu."

"Nani alikuambia?"

"Kiongozi wetu."

Kiongozi wake, mtu wa kwetu Bukhayo, akasema yeye alikuta hivyo kwa gengi alitoka. Nikafuata hiyo. Kiongozi wa gengi ingine iliyokaa naye akanituma kwa gengi ile ile, gengi ya kwanza kabisa. Huko nikapata mzee mmoja ana neno lenyewe, zima, analitoa vile lilisemwa: "Leo mbili wacheni, ni askari wa geti anasumbua. Fanyeni kazi!"

Sauti hiyo hakuna haja niulize ni ya nani. Nalala nayo kitanda kimoja.

Wiki ya kwanza ya ule mpango, askari wa geti ya mpaka naye alikuwa anasimamisha malori na mbili fupi. Watu wanaruka nje, wanarudi, wanaruka, kazi haisongi. Mzee wangu akawaambia wasijali, siku hiyo moja. Hakurudi kulitoa hilo neno. Gengi ikagawanywa ikazaa zingine, kila moja ikaondoka nalo. Wale walioandikwa kazi baadaye kutoka barabarani hawakulisikia, ndio sababu walikuwa wanatoka.

Nilienda kumtafutia mume wangu njia ya kutokea, nikarudi na kamba ya kumfunga.

Nikamwambia nyuma ya stoo. "Nyamaza, redio wewe," akasema. "Sema askari ndiye alichanganya watu."

"Na kesho hao wako wakikaa ndani tena?"

"Nina watoto, mama."

"Yule hakuwa nao?"

Akakaa chini juu ya reli. Halafu akainuka mwenyewe, akaenda kwa mkubwa wa yadi.

"Boss, nilipiga. Lakini ni mimi niliwaambia wasitoke."

Wakamnyang'anya firimbi. Karani akajaribu kuwaambia wale watu kwamba mbili ni kutoka, wakamwangalia tu, si yeye alisema neno la kwanza. Ikabidi mzee wangu apite kila behewa: "Lile neno langu nimelitoa. Mbili ni kutoka."

Karani akapiga mbili. Wote wakatoka. Gengi ya yule Mteso ndio walikuwa wa mwisho, watu saba, wakajipanga wakimwangalia mzee wangu. Askari wawili wakamshika mkono, wakaenda naye.