Saba, Mara Moja

Kwenye darasa la kompyuta, fundi cherehani aliandika namba kwa kidole kimoja, midomo ameibana kana kwamba bado ameshikilia pini. Saba. Saba tena. Programu yake ya kuhesabu kila namba imeandikwa mara ngapi ikajibu: saba, mara moja. Akaguna. "Mwalimu, mbona nimeitaja mpaka nimechoka?" Mwalimu, rika la bintiye, akainama. "Mama, safu ya kuhesabia umeiunda ndani ya mzunguko, yale maagizo yanayojirudia. Kila ukiingiza namba inaanza upya, imesahau yote." Fundi akakodoa macho, ametoka kapa. "Imesahau? Basi ni kama mume wangu. Tangu augue, kila asubuhi ananiuliza mimi ni nani." Fundi hakuugusa mzunguko. Akaandika saba tena, polepole, bila hasira, kama anavyojitambulisha nyumbani kila kunapokucha.