Jina la Baba Mkwe

Kwa Wasotho mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata awe na shahada ya uhandisi na kofia ngumu ya serikali kichwani. 'Malineo alikuwa navyo vyote viwili. Ila baba mkwe wake, Ntate Motlatsi, alikuwa fundi wa pampu katika kituo kilekile cha maji alichokisimamia 'Malineo, huko juu milimani.

Balaa lililetwa na semina ya usalama kazini. Mkufunzi kutoka Maseru, bwana mmoja mwenye viatu visivyowahi kukanyaga tope, aliagiza hivi: kabla ya kuwasha pampu, msimamizi asome kwa sauti majina ya mafundi wote, na kila mmoja aitike mwenyewe. Siku ya mazoezi 'Malineo alisoma vizuri mpaka jina la tatu, akakwama.

"Na... ntate," alisema, yaani baba, bila jina.

"Ntate yupi? Humu wote ni akina ntate!" mkufunzi alimaka, na watu wakaangua kicheko.

Pheko, fundi mwenye maneno mengi, ndiye aliyemwokoa, akimwita mama kwa Kisotho. "Hilo niachie mimi, 'm'e. Mimi si mkwewe."

Tangu hapo Pheko akawa ndiye mwita jina hilo, na fomu za serikali zikajazwa kama kawaida.

Jumatatu moja ya baridi kali Pheko alikuwa msibani. Mji ulikuwa siku ya tatu bila maji, hospitali inapiga simu kila baada ya dakika kumi, na mafundi ndio kwanza wamemaliza kazi ndani ya shimo la pampu. 'Malineo alishika karatasi mkono mmoja, swichi mkono mwingine.

"Thabang!"

"Nipo!"

"Mokete!"

"Nipo!"

"Na ntate je?"

"Wewe washa tu, 'm'e," alisema Thabang akipuliza vidole. "Nimemwona jikoni anaota moto. Watu wanalia na maji huko!"

Mlango wa jiko ulikuwa wazi, lakini 'Malineo hakuona mtu. Simu ikalia tena. Miaka sita ya ndoa hajawahi kulitamka jina lile hata akiwa peke yake. Akaondoa mkono kwenye swichi.

"Motlatsi!" alipiga ukelele. "Motlatsi!"

Mokete aliinamisha kichwa. Kisha sauti ikatoka chini, ndani ya shimo.

"Nipo! Nimerudi kuchukua spana yangu!"

Thabang alikaa chini palepale sakafuni.

Mzee alipanda ngazi polepole, tope hadi magotini.

"Nisamehe, ntate," 'Malineo alinong'ona bila kumtazama. "Nimekuvunjia heshima."

Ntate Motlatsi alifuta mikono, akaenda kusimama kando ya Mokete.

"Mtu akitoka shimoni, majina yanasomwa upya. Si ndivyo tulivyofundishwa? Soma, mwanangu. Yote."

Alisoma. Kwenye jina la tatu sauti ilimkatika, akalirudia.

"Nipo," mzee aliitika.

Ndipo 'Malineo akawasha pampu.